UZI: Wiki nzima ya darasa la kwanza kwa herufi moja, hadithi moja na namba moja

Chaki na Ubao

Habari zenu wadau, hasa walimu wenzangu wa madarasa ya chini.

Kila mwalimu wa darasa la kwanza au la pili akiuliza wiki ipangwe vipi, hupewa majina ya michezo. Jumatatu wimbo, Jumanne kadi, Ijumaa kupaka rangi. Sina ugomvi na mchezo wowote kati ya hiyo. Tatizo ni kwamba ukiitazama wiki yenyewe unakuta mtoto amekutana na vitu vingi, kila kimoja mara moja tu, na Ijumaa hana alichokishika.

Msimamo wangu ni huu: chagua vitu vichache mno, kisha uvirudie kila siku kwa sura nyingine. Herufi moja, hadithi fupi moja, namba moja, na jambo moja la kuchunguza kwa macho. Basi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya ulichokariri hupotea mapema sana, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa yanakaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kama mtu mzima aliyejitolea kukariri anasahau hivyo, mtoto wa miaka sita tumlaumuje kwa kusahau?

Nitaeleza wiki yangu ya herufi k na namba 7. Mwenye lake achangie.

JUMATATU

Siku hii naanza na masikio, ubao unasubiri. Nataja maneno taratibu: kiti, meza, kuku, dirisha, kalamu. Wakisikia k mwanzoni wanasimama, wasipoisikia wanabaki wamekaa. Baada ya hapo tunapiga makofi kwa kila silabi: ki-ti mawili, ka-la-mu matatu.

Hapo kuna mtego ambao naupenda sana. Waambie wapige makofi ya "mtoto", halafu ya "mboga". Mtoto ni makofi matatu, m-to-to, kwa sababu m ya mwanzo inasimama peke yake. Mboga ni mawili tu, mbo-ga, maana m imeungana na b. Mtoto anayeandika "mutoto" huwa mara nyingi anasikia kwamba pale pana pigo zima, ila hajui kwamba m inaweza kulibeba bila irabu. Ukimpigisha makofi anaelewa haraka kuliko ukimwekea alama nyekundu.

Kisha hadithi. Naiandika mwenyewe, mistari mitano, kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ukutani:

*Kaka anatafuta kalamu.*
*Kalamu haiko mezani.*
*Kalamu haiko kabatini.*
*Dada anacheka.*
*Kaka, kalamu iko sikioni!*

Nachora kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio. Jumatatu nawasomea tu, kidole kikifuata maneno. Nikifika mstari wa nne nasimama na kuuliza: dada anacheka nini? Halafu nanyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakijizuia kufika sekunde 3 majibu huwa marefu zaidi na watoto wengi zaidi hujitokeza. Sekunde 3 mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu kwelikweli. Vumilia.

Namba 7 inaingia kwa vijiwe au vizibo vya chupa. Kila mtoto anahesabu 7 vyake, na hapo nazunguka na swali moja. Akishamaliza kuhesabu namuuliza, "Ni vingapi?" Anayejibu "saba" papo hapo ameelewa kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo idadi ya kundi lote. Anayeanza tena moja, mbili, tatu, bado. Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza mwaka 1978 kanuni tano za kuhesabu, na hii ni mojawapo. Unaweza kuwa na mtoto anayeimba hadi mia bila kukosea na bado hana kanuni hii. Wazazi hufurahi wakisikia mia ile, lakini mwalimu inabidi aulize zaidi.

Jambo la kuchunguza ni mbegu ya maharage. Nazilowesha usiku wa kuamkia Jumatatu, asubuhi tunazibana kati ya pamba yenye unyevu na ukuta wa glasi inayoonyesha, ili kila kitu kionekane. Watoto wanachora walichokiona. Siku hiyo ni mbegu tu, imevimba kidogo.

JUMANNE

Silabi: ka, ke, ki, ko, ku. Kabla ya penseli tunaandika k hewani, kisha kwenye sinia la mchanga. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti. Mchanga unafanya kazi ileile. Baadaye daftari, mstari mmoja wa k nzuri. Ukurasa mzima wa k una shida yake: ukiuangalia utaona za mwanzo nzuri na za mwisho mbaya, maana mkono umechoka na macho hayatazami tena mfano.

Hadithi ya kalamu tunaisoma pamoja kwa sauti. Kila anayepata neno lenye k analigusa kwa kijiti.

Kwa namba 7 ni mchezo wa kikombe, wawili wawili. Vijiwe 7 mezani, mmoja anafumba macho, mwenzake anaficha baadhi chini ya kikombe. Vinaonekana 4, vilivyofichwa ni vingapi? Hapo ndipo 4 na 3, 5 na 2, 6 na 1 zinapoingia kichwani bila kuandika alama ya kujumlisha hata moja. Siku zote kuna mtoto anayeficha vyote 7, au asifiche hata kimoja, akisubiri kuona mwenzake atasema nini. Ndiye aliyekuletea somo la sifuri, mpokee.

JUMATANO

Kama mtabeba kitu kimoja kwenye uzi huu, ibebeni Jumatano. Siku hii hakuna kipya. Darasa linafanya kazi linazozijua tayari: mchezo wa kikombe, kupanga kadi za silabi ziwe maneno, kuchora mbegu. Mimi nakaa kiti kidogo pembeni na kumwita mtoto mmoja mmoja na ile hadithi ya kalamu.

Picha naifunika, kwa sababu wapo wanaoisoma picha. Halafu namwonyesha maneno bila mpangilio: "kabatini", "dada", "iko". Aliyekariri mistari atakwama hapa, anayesoma ataendelea. Naandika kwenye daftari langu alichosema hasa, sio tiki na mkato. Akisema "mezani" badala ya "kabatini" anafuata maana bila kuangalia herufi. Akisema "katabini" anaangalia herufi zote ila mpangilio unamponyoka. Hao ni watoto wawili wenye mahitaji mawili tofauti, na kwenye mtihani wa alama wote wangepata kosa lilelile.

Inachukua dakika mbili hivi kwa mtoto. Jioni ya Jumatano unajua Alhamisi na Ijumaa uzifanye nini. Mwalimu anayepima Ijumaa anajua shida wakati watoto wanafungasha kurudi nyumbani.

ALHAMISI

Nusu saa ya kwanza nina kundi dogo la waliokwama jana, wengine wanasomeana wawili wawili. Halafu tunatoka nje kupima. Dawati lina shubiri ngapi? Kutoka mlangoni hadi kwenye mti ni hatua ngapi? Majibu yanatofautiana, na kelele zinaanza: wewe umekosea, hapana wewe. Usiamue. Waweke wawili waliotofautiana kiganja kwa kiganja mbele ya wenzao, wataliona wenyewe. Haja ya rula inazaliwa hapo, na rula ikija mwezi ujao itakuta mahali pa kukaa.

IJUMAA

Kila mmoja anaandika sentensi yake kuhusu kitu kilichopotea. Nakubali tahajia yoyote inayosomeka. "Kofia haiko" ni sentensi kamili kwangu. Wanasomeana, na tunarudi kwenye glasi ya maharage: mzizi umetokeza, umeelekea chini. Wanaweka michoro ya wiki nzima kwa mpangilio wa siku na kuisimulia.

Karibuni tujadili.

---

Safu ya Nyuma

Mwalimu, asante kwa uzi ulioshiba. Swali langu ni la wengi humu. Darasa langu lina watoto zaidi ya themanini. Dakika mbili kwa kila mtoto ni karibu saa tatu bila kupumua. Jumatano hiyo naipata wapi?

---

Chaki na Ubao

Swali zuri sana ndugu yangu. Kwa idadi hiyo usijaribu kuwasikiliza wote Jumatano moja. Wagawe makundi manne yenye majina, kila Jumatano sikiliza kundi moja. Kwa mwezi kila mtoto amekusomea ana kwa ana walau mara moja, na katika darasa kubwa hilo ni jambo zito. Nyongeza: wale unaowatilia shaka wasisubiri zamu, wape sekunde chache kila asubuhi wanapoingia. Kadi moja mlangoni, "soma hii", wanapita. Utashangaa mlango unakueleza mangapi.

Kuhusu kazi za waliobaki, zifundishe kwanza kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kusikiliza. Watoto themanini wanaweza kucheza kikombe kwa utulivu iwapo wanajua vijiwe vinatoka wapi, vinarudi wapi, na nani anagawa. Fujo nyingi huanzia kwenye kugawa vifaa, mchezo wenyewe hauna neno.

---

Msomaji Makini

Nakuheshimu mwalimu, ila hapa nitapinga. Hadithi moja ya mistari mitano wiki nzima? Watoto wepesi wataimaliza Jumanne na kuanza kusumbua. Pia mtaala una mada nyingi, ukikaa na k wiki nzima hufiki mwisho wa mwaka.

---

Chaki na Ubao

Mkuu, nianze na mtaala. Kiswahili kina irabu 5, na kila konsonanti ikishikana nazo inatoa silabi zinazosomeka vilevile popote ziwapo. Ukiisimamisha k vizuri, mtoto akikutana na t au p anajua tayari kazi ya kuunganisha, anabadilisha sauti ya mwanzo tu. Herufi za kwanza ndizo zinazokula muda. Baada ya hapo unaweza kuchukua mbili kwa wiki, na hata tatu. Panapohitaji kupunguza mwendo tena ni kwenye herufi mbili zenye sauti moja, kama sh, ch na ny, na hasa ng' na ng, maana "ng'ombe" na "ngoma" huwatesa watoto hadi madarasa ya juu.

Kuhusu wepesi, nakubaliana nawe kwamba wakiachwa wanachoka. Mistari inabaki ileile ila kazi yao inabadilika. Jumanne waulize kaka alitafuta wapi kwingine ambako hatukuambiwa. Jumatano waandike mstari wa sita. Alhamisi wabadilishe kilichopotea, na kila mahali pabadilike ili hadithi iendelee kuleta maana. Kilichopotea kikiwa kiatu, mwisho wa sikioni haufai tena, na itabidi wafikiri upya. Kazi hiyo haimalizwi Jumanne na mtoto yeyote.

---

Msomaji Makini

Hilo la kubadilisha kilichopotea nimelikubali, nitalijaribu. Kwenye mwendo wa herufi bado nina wasiwasi, hasa kwa mwalimu anayekaguliwa andalio lake la somo kila wiki na anayetakiwa aonyeshe mada mpya.

---

Chaki na Ubao

Ni wasiwasi wa haki. Ninachofanya ni kuandika kwenye andalio shughuli ya kila siku na kile mtoto atakachoweza kufanya mwisho wa siku hiyo. Jumatatu atatambua sauti, Jumanne ataunganisha silabi, Jumatano atasoma bila picha. Mkaguzi akisoma hivyo anaona hatua zinazopanda, kwa sababu kweli zinapanda.

---

Mama Wawili

Shikamoo walimu. Mimi ni mzazi tu, naomba nami niulize. Mwanangu yuko darasa la kwanza, akirudi anasoma ukurasa wa kitabu chake chote vizuri, nikafurahi. Juzi nikamwandikia neno lilelile kwenye karatasi, hakulitambua. Nimekuwa mkali kwake, nikidhani ananifanyia makusudi. Nifanyeje?

---

Chaki na Ubao

Marahaba mama. Hakufanyii makusudi hata kidogo. Ameukariri ukurasa kwa sauti, na mahali neno lilipo ndipo panapomkumbusha. Ni hatua ambayo watoto wengi huipitia, na ni dalili kwamba anasikiliza vizuri darasani.

Chukua neno moja kutoka kwenye ukurasa, tuseme "kalamu". Liandike kwenye karatasi, ulikate vipande vitatu, ka, la, mu, uvichanganye. Avipange upya. Kisha mwombe atengeneze jingine kwa vipande hivyo: "mula" halina maana na atacheka, "kamu" vilevile, "lamu" huenda mkabishana kama ni neno. Ongeza kipande ki, sasa yapo "kila", "laki", "muki" la kuchekesha. Dakika kumi zinatosha, na aache akiwa bado anataka kuendelea. Ukali uweke kando, kwa sababu mtoto anayeogopa anatazama uso wako badala ya herufi. Na mwambie mwalimu wake ulichokiona, hiyo ni habari ya thamani sana kwake.

---

Mkono wa Kushoto

Nina nyongeza kwenye Jumanne ya kuandika. Wenye kutumia mkono wa kushoto wakalishwe mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigongane na jirani. Daftari lao liinamishwe upande wa kulia, kinyume na wenzao, na penseli ishikwe juu kidogo ili mkono usifunike kilichoandikwa. Nikiwa mdogo hakuna aliyenionyesha haya, nilijifunza kuandika mkono ukiwa umejikunja. Tafadhalini msiwalazimishe kubadili mkono.

Swali kwa mwenye uzi: b na d unazifundishaje? Darasani kwangu zinageuzwa hadi mwisho wa mwaka.

---

Chaki na Ubao

Asante sana, hilo la daftari walimu wengi hawaelekezwi. Kwa b na d, zitenganishe kwa wiki nyingi. Zikifundishwa jirani mtoto anazihifadhi kama kitu kimoja chenye pande mbili. Fundisha b mpaka ikae, pita herufi nyingine kadhaa, ndipo ulete d. Na mkono uanze mahali tofauti: b inaanza na mstari kutoka juu, d inaanza na duara. Mkono ukizoea pa kuanzia, jicho linafuata. Kugeuza herufi umri huo ni kawaida, usiwe na hofu nao mapema. Ikiendelea akiwa amefika miaka minane na kusoma kwenyewe kunamlemea, hapo zungumza na mzazi atafutiwe mtaalamu.

---

Safu ya Nyuma

Nimeshagawa makundi manne. Jumatatu ijayo naanza na herufi m na namba 8. Wiki ina siku nne tu, kuna mapumziko Alhamisi. Nipunguze nini? Nitaleta mrejesho.

---

Chaki na Ubao

Hongera mwalimu. Ondoa kupima shubiri, kuhamie wiki inayofuata. Jumatano usiiguse. Lile kundi dogo la Alhamisi lichukue nusu saa ya kwanza ya Ijumaa.

Kwa m, wiki hii baki na ma, me, mi, mo, mu pekee kwenye kusoma. Maneno kama mama, meno, mimi, moto, mume yanatosha. Ya aina ya "mtoto" yapigie makofi tu, usiyaweke kwenye hadithi ya ukutani mpaka silabi tano zimekaa. Namba 8 ina uzuri wake kwenye kikombe, kwa sababu 4 na 4 itatokea na mtu atasema "zimelingana!" Akisema hivyo, simamisha wote, mwulize 7 ilikuwa na jozi ya namna hiyo au haikuwa nayo, halafu uwape vijiwe watafute.